Manyoya tumboni mwa nyoka

Toleo lililopita niliandika mistari minne tu kumhusu nyoka wa Guam, kile kisiwa cha Marekani kilichoko bahari ya Pasifiki, nikasema amewamaliza ndege wa msituni. Mistari minne! Barua zimejaa kwenye kapu langu la vitunguu, na wengi mnanipinga. Basi leo ukurasa wote ni wa nyoka. Aliyeuliza kuhusu minyoo ya mbuzi anisubiri mwezi ujao, na mbuzi wake namwombea subira.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mvuvi, na jioni nakaa barazani na wenzangu. Mpwa wangu alitusomea ukurasa wako, ukatugombanisha mpaka kahawa ikapoa. Mimi nasema haiwezekani. Hapa kwetu nyoka wapo tangu enzi za mababu, na njiwa wapo, chozi wapo, kunguru ndiyo usiseme. Nyoka akishiba analala. Iweje aina moja ya nyoka imalize ndege wa kisiwa kizima? Wamarekani walipigana vita kule, wakamwaga dawa ya mbu kila mahali, sasa wanamtupia nyoka lawama kwa kuwa hana mdomo wa kujitetea. Au nakosea? (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Marahaba baba. Umri hukuutaja, lakini mtu mwenye mpwa wa kumsomea barazani nampa heshima yake.

Shaka yako walikuwa nayo wataalamu wa ndege wenyewe, miaka ya mwanzo ya 1980. Nyoka kumaliza ndege wa kisiwa kizima ni jambo ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kulithibitisha, na waliotajiwa waliguna kama ulivyoguna wewe. Nitakujibu, ila tupitie kwanza bandani kwangu.

Mwaka 1994 nilikuwa nafundisha sekondari huko Muheza, na nyuma ya nyumba nilikuwa na kuku 13. Mayai yakaanza kupotea. Natoka asubuhi naacha mayai manne kiotani, narudi saa tisa sikuti hata moja. Jumamosi moja marehemu mume wangu akamkuta nyoka nyuma ya debe la maji, akamvunja mgongo kwa mpini wa jembe, akatangaza kuwa kesi imekwisha. Mimi mwalimu wa baiolojia sikuridhika. Nikamlaza nyoka juu ya jani la mgomba, nikampasua kwa wembe. Ndani palikuwa na panya mmoja, manyoya yamelowa yakashikana kama pamba, mkia bado mzima. Yai hapana, wala kipande cha ganda. Mume wangu akasema, "Ya jana ameshayayeyusha." Hoja hiyo usiidharau. Huwezi kuijibu kwa kulitazama lile tumbo mara ya pili. Mayai yalipoendelea kupotea akasema, basi wako wawili.

Jumatatu nikachekecha majivu ya jikoni, nikayatandaza mlangoni mwa banda na kuuzunguka msingi, nikaenda zangu kufundisha. Siku ya kwanza nikakuta nyayo za kuku tu. Siku ya pili mvua ilinyesha, kazi bure. Siku ya tatu nikakuta majivu yamevurugwa na nyayo ndogo zenye kucha ndefu, nyingi, nyayo za kundi, na kwenye jiwe moja la msingi kiini cha yai kimechuruzika, pembeni kimeanza kukauka. Nguchiro! Wale hulishika yai, wakageuza mgongo, wakalirusha kinyumenyume kati ya miguu mpaka lipasukie kwenye jiwe. Nyoka wa watu alikuwa anatupunguzia panya.

Sasa usiwaambie wenzako kwamba nimekuunga mkono. Kwangu nyoka alisingiziwa. Guam nyoka alikuwa mkosaji kweli, na kwa miaka mingi hakuna aliyemfikiria.

Kisiwa kile ni kama nusu ya Pemba yenu na zaidi kidogo. Nyoka wa kula ndege hakikuwa naye. Alikuwepo mmoja tu mdogo, kipofu, anayefanana na mnyoo, chakula chake sisimizi na mchwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mizigo ya jeshi ilipita kutoka visiwa vya upande wa Papua Guinea Mpya, na ndani ya mizigo akaingia nyoka wa mitini, kahawia, mwembamba, mwenye macho makubwa ya kuonea usiku. Chembe zake za urithi zinaonyesha asili yake ni kisiwa cha Manus, cha upande huo huo. Watu walianza kumwona miaka ya 1950, maeneo ya karibu na bandari. Miaka ya 1960 ndege wakaanza kuadimika upande wa kusini. Kisha kimya kikapanda kwenda kaskazini, mwaka hadi mwaka, mpaka miaka ya 1980 ndege wa msituni wakawa wamebaki kwenye kipande cha msitu huko mwisho wa kaskazini.

Mwaka 1982 mtafiti kijana, Julie Savidge, alipewa kazi ya kutafuta sababu. Washukiwa walikuwa wengi, na wa mbele kabisa alikuwa huyo huyo wako, dawa ya mbu iitwayo DDT. Ilimwagwa kweli. Lakini mabaki yake yalipopimwa, hata kwenye kinyesi cha mbayuwayu wa mapangoni, yalikuwa kidogo mno kuweza kueleza vifo vile. Mshukiwa wa pili alikuwa ugonjwa, maana kule Hawaii malaria ya ndege ilishafanya maafa. Ndege wakapimwa, haukupatikana ugonjwa wa kubeba lawama hiyo. Vimbunga? Vimbunga vya Guam havibagui, vinapiga na kisiwa cha jirani cha Rota, na Rota ndege waliendelea kuimba. Rota haikuwa na nyoka yule.

Halafu mama yule akafanya jambo lililonifurahisha kuliko yote: aliwauliza wenyeji. Kijijini kwenu nyoka ameonekana tangu lini? Ndege mmeacha kuwaona lini? Majibu alipoyaweka kwenye ramani, nyoka na ukimya vilifuatana, kijiji kwa kijiji, vikielekea upande mmoja. Dawa ya mbu haitembei hivyo, kuanzia bandarini na kujongea kidogo kidogo kwa miaka ishirini. Mwisho akatandaza majivu yake: aliweka kware hai kwenye mitego msituni, aone nani atawaendea. Nyoka waliwaendea, na waliwaendea zaidi pale ndege wa porini walipokuwa wameshatoweka. Kazi hiyo ilichapishwa 1987, na watafiti wengi waliokuwa wakiguna wakanyamaza.

Umeuliza pia swali zito kuliko ulivyodhani: nyoka akishiba analala. Kweli, na ndiyo sababu kwa kawaida mla nyama hamalizi windo lake. Windo likipungua, naye anakonda, anazaa wachache, mambo yanasawazika. Guam hayakusawazika kwa sababu ya mjusi kafiri. Mijusi walikuwa tele, panya na virukanjia pia, na nyoka mchanga analelewa na mijusi bila kuhitaji ndege. Ndege walipobaki mia, nyoka hawakufa njaa, na walipobaki kumi, bado hawakufa njaa. Kila kiota kilichosalia kilikuwa kitoweo cha ziada tu. Makadirio ya wakati wa kilele yalifika nyoka 50 hadi 100 kwa hekta moja. Hebu piga picha kiwanja cha mpira na kidogo zaidi, kisha wahesabu.

Kwenu Pemba nyoka ana wanaomla na wanaomjua. Ndege wenu wamezaliwa na hofu yake, kiota wanakitundika kwenye ncha ya tawi jembamba linaloning'inia. Wa Guam hawakuwa na sababu ya kujifunza hayo.

Kwa hiyo: kati ya aina 12 za ndege asilia wa msituni, 10 zilitoweka porini kisiwani humo. Mtu anaweza bado kubishana juu ya ukataji wa misitu na uwindaji, kwamba vilisaidia kudhoofisha aina hii au ile, na mimi nitamsikiliza. Lakini anayesema nyoka hakuhusika aniletee ramani yake, na wazee wa kuitilia nguvu.

SWALI: Habari za kazi Mwalimu. Ninasoma chuo hapa Morogoro. Darasani tumeonyeshwa takwimu za chatu wa Burma waliovamia jimbo la Florida, Marekani, na wanyama wa kule wanaoliwa nao: rakuni wamepungua kwa asilimia 99.3, oposumu asilimia 98.9, paka pori wa kule asilimia 87.5. Nikazipeleka bwenini kwa mbwembwe, mwenzangu mmoja akanivunja nguvu. Anasema hao walihesabiwa barabarani usiku, kwenye taa za gari, na wafuga nyoka wa Marekani wamesema wazi kuwa utafiti ule ni wa kisiasa. Nimshike nani? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Mshike mwenzako mkono kwanza, maana amesoma vizuri kuliko wengi wanaozinukuu namba hizo. Halafu usimwachie aende mbali sana.

Namba ni za kweli, na zilichapishwa 2012. Ila soma sentensi yake yote. Kilichopungua kwa asilimia 99.3 ni kuonekana kwa rakuni kwenye barabara za mbuga ya Everglades, ukilinganisha hesabu za miaka ya 1990 na za 2003 hadi 2011. Mwalimu akikuta madawati 40 yana wanafunzi watano, anachojua ni kwamba hawakuja. Waliko hajui bado. Wapinzani waliuliza yanayopaswa kuulizwa: je, kama ni ugonjwa? Maji ya Everglades yamechezewa na wahandisi miaka mingi, je, kama ni maji? Watafiti walikuwa na jibu la nusu: wanyama walikuwa wachache zaidi pale chatu walipokaa muda mrefu, na wengi zaidi pale chatu walipofika karibuni au hawajafika. Hii ni ile ramani ya Guam tena. Nzuri, lakini hakuna aliyekuwa ameweka majivu.

Majivu yaliwekwa Septemba 2012. Watafiti walichukua sungura wa kinamasi 95, wakawavisha redio ndogo za kutoa mlio shingoni, wakawaachia: wengine ndani ya mbuga penye chatu, wengine nje pasipo na chatu. Mwanzoni sungura wa mbugani walistawi, hata wakazaa. Hilo peke yake lilijibu swali la maji na la ugonjwa: makazi yalikuwa mazuri, chakula kipo. Kisha joto likapanda, chatu wakachangamka. Chini ya mwaka mmoja, asilimia 77 ya vifo vya sungura wa mbugani vilikuwa vya kuliwa na chatu. Kule nje, waliouawa waliliwa na wanyama wa kawaida wenye manyoya na mbawa, hakuna aliyeishia tumboni mwa chatu. Taarifa ilitoka 2015. Kwa sungura, mimi naona hukumu imetoka. Kwa rakuni na oposumu, naona ushahidi ni mzito lakini wa kuzunguka, na sitapandisha sauti mtu akisita.

Sasa fika kwenye wanyama walio hatarini kutoweka, maana hapo ndipo watu wa pande zote wanateleza. Kwenye kisiwa cha Key Largo, kusini mwa Florida, yuko panya wa msituni anayejenga kichuguu cha vijiti, hapatikani kwingine duniani. Mwaka 2007 watafiti walikuwa wanafuata mlio wa redio waliyomvisha panya mmoja. Mlio ukawafikisha kwa chatu. Panya alikuwa humo, redio inalia tumboni. Ushahidi gani mwingine unautaka? Kwa swali la "je, chatu anamla panya huyu?", hakuna zaidi. Kwa swali la "je, chatu ndiye aliyemfikisha panya huyu ukingoni?", mlio ule haukujibu kitu. Panya wa Key Largo alishaorodheshwa kuwa hatarini mwaka 1984, kabla chatu hajajulikana kisiwani pale. Waliomfikisha huko ni nyumba za kitajiri zilizokula msitu wake, na paka wa hizo nyumba. Chatu amekuta mgonjwa kitandani akamvuta shuka.

Mfano wa pili naupenda zaidi kwa sababu unakera pande zote. Mtaalamu wa manyoya wa jumba la makumbusho la Smithsonian huko Marekani, Carla Dove, alitambua mabaki ya ndege kutoka matumbo ya chatu wa Everglades. Ukitaka kujua kazi hiyo ikoje, chukua unyoya uliolowa uteute, uoshe, uukaushe taratibu mpaka nyuzi zifunguke, kisha uulinganishe na wa ndege waliohifadhiwa kwenye makabati, mmoja mmoja. Matumbo 343 yalichunguzwa, 85 yalikuwa na ndege, aina 25 kwa jumla. Kati yao alikuwemo korongo mmoja mkubwa mweupe wa vinamasi, ambaye wakati huo alihesabiwa kuwa hatarini kutoweka nchini Marekani. Magazeti yakaandika kuwa chatu anammaliza korongo. Mwaka 2014 korongo huyo akashushwa daraja la hatari, kwa kuwa viota vilikuwa vimeongezeka na eneo la kuzalia limepanuka kwenda kaskazini. Analiwa, na anaongezeka. Unyoya tumboni ni mlo mmoja.

Kuhusu siasa: ipo, nitakuwa mnafiki nikikataa. Mwaka 2008 taasisi ya jiolojia ya serikali ya Marekani ilitoa ramani ya hali ya hewa iliyodokeza kuwa chatu anaweza kufaa karibu theluthi moja ya nchi ile. Wataalamu wengine wa nyoka wakachora ya kwao mwaka huo huo, kwa hesabu tofauti, na chatu wao hakutoka sana nje ya Florida ya kusini na kipembe cha Texas. Januari 2010 ikaja baridi kali. Kati ya chatu 10 waliokuwa na redio mwilini, 9 walikufa. Tangu hapo ile ramani ya theluthi siinukuu darasani. Mwaka 2012 serikali ikawaweka chatu wa Burma, aina mbili za chatu wa Afrika na nyoka aitwaye anakonda wa njano kwenye orodha ya wanyama haribifu. Wafanyabiashara wakaenda mahakamani, na 2017 mahakama ya rufaa ikasema sheria iliyotumika inazuia kuingiza nchini lakini haizuii kusafirisha kati ya majimbo ya bara. Walishinda hoja ya sheria. Wengine wanalitangaza kama ushindi wa hoja ya sungura, na hapo mwambie mwenzako wa bwenini kwamba majaji hawakuulizwa nani alimla sungura.

SWALI: Hujambo mama. Mimi Mtanzania ninayeishi Miami, nimeoa huku. Jirani yangu Mcuba akinikuta hunitania, "Chatu wenu wa Afrika wametuvamia." Je, ni kweli wapo wa kwetu, au ananichokoza? (Msomaji, Miami)

JIBU: Sijambo mwanangu. Anakuchokoza, lakini kwa ukweli. Mbali na yule wa Burma, wako chatu wa Afrika, jamii moja na wetu, waliogundulika kwenye eneo dogo magharibi ya jiji lenu tangu miaka ya 2000. Ni wachache sana wakilinganishwa na wa Burma. Kuhusu wao sina sungura wa kukuonyesha. Kuna hofu, kuna utabiri, na kuna busara ya kuwaondoa wangali wachache. Madhara yaliyopimwa kwa wanyama walio hatarini, hapana. Ukimjibu jirani, mkumbushe hawakuogelea kutoka Rufiji. Walinunuliwa dukani wakiwa wadogo wa kupendeza, wakafika mita tatu, mwenye nyumba akafungua mlango wa nyuma.

Na msalimie mkeo.

SWALI: Mwalimu, sisi wa ziwani tunajua hadithi hii. Tulikuwa na furu, akaletwa sangara, furu kwisha. Mbona huku kwetu hakuna anayebishana? (Mchuuzi wa samaki, Ukerewe)

JIBU: Wanabishana, ndugu yangu, na wamebishana miaka 40 sasa. Sangara aliingizwa Ziwa Viktoria kati ya miaka ya 1950 na 1960, akafumuka miaka ya 1980, na kwenye ghuba ya Mwanza watafiti waliokuwa wakivuta kokoro mwaka hadi mwaka walishuhudia furu wakiisha kwenye nyavu, aina kwa aina. Tumboni mwa sangara mlikuwa na furu. Mpaka hapo ni kesi ya Guam. Lakini miaka ile ile mbolea na uchafu vilikuwa vinaingia ziwani, maji yakawa ya kijani, na ikaonyeshwa kwamba furu huchagua mwenza kwa rangi, kwa hiyo kwenye maji machafu jike anajikuta amechukua dume wa ukoo mwingine, na aina mbili zinayeyukia moja. Nyavu nazo hazikulala. Sangara alipovuliwa sana, aina kadhaa za furu zilirudi kwa wingi, na hiyo inamtia hatiani kwa upande huo. Ila nyingine hazikurudi, au zilirudi zimebadilika.

Tofauti na Guam ni kwamba kule washukiwa wengine walipimwa wakatoka huru. Kwenu washukiwa watatu wote walikuwa eneo la tukio, kwa wakati mmoja, na wote wana damu mikononi. Ukiniuliza nani zaidi, nitasema sangara. Nikiwa Ukerewe nakula kichwa chake kwa ugali nitasema hivyo kwa sauti ndogo.

SWALI: Mwalimu, dereva mwenzangu ananiambia Wamarekani wanadondosha panya kutoka kwenye helikopta, wamewatia Panadol, ili kuua nyoka. Nimemwambia aache bangi. (Dereva, Mombasa)

JIBU: Muombe radhi. Mwaka 2013 walidondoshwa panya wapatao 2,000 juu ya msitu wa Guam, panya wadogo waliokufa, kila mmoja na miligramu 80 za parasetamoli. Kidonge unachomeza ukiumwa kichwa kina 500. Kiasi hicho kidogo kinamuua nyoka yule. Panya hufungiwa utepe wa karatasi ili anase matawini, nyoka anakoishi, asidondoke chini akaliwa na kaa. Na kabla hujapata wazo, hapana, usijaribu nyumbani. Paka wako ataila dawa hiyo na kufa kabla nyoka hajatoka shimoni.

Dawa inapunguza nyoka, haijawamaliza. Wangali wamejaa kisiwani. Hata umeme wanaukata, maana hupanda nguzo na kugusanisha nyaya. Kati ya 1978 na 1997 zilihesabiwa katizo zaidi ya 1,600 zilizotokana na nyoka. Kwenu mnasema ni mgao.

Umeuliza pia mwishoni mwa barua kama ndege watarudi. Wawili naweza kukujibia. Wa kwanza anaitwa ko'ko', ndege wa chini, anayekimbia kuliko kuruka. Wa mwisho walikamatwa wakazalishwa vizimbani, na wengine wakapelekwa Rota na kwenye kisiwa kidogo cha Cocos, karibu kabisa na Guam. Mwaka 2019 daraja lake likapanda kutoka "ametoweka porini" hadi "yuko hatarini kabisa", na watu wakashangilia. Ni ndege wachache wamewahi kupanda ngazi hiyo. Mwaka uliofuata nyoka akagunduliwa Cocos.

Wa pili ni sihek, mdiria mwenye kifua cha rangi ya mdalasini. Wote waliopo leo wametokana na 29 waliochukuliwa msituni miaka ya 1980. Mwaka 2024 tisa kati ya kizazi hicho waliachiwa kwenye kisiwa cha Palmyra, maelfu ya kilomita kutoka Guam, kwa sababu nyumbani bado hapafai. Walifundishwa kwanza kukamata mijusi. Mwaka uliofuata wakataga mayai yao ya kwanza porini baada ya karibu miaka 40.